Kutoka Ujiji hadi Tabora na mfuko wa komwe

Haya ni ya likizo ya Juni, nilipokwenda Tabora kwenye UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari; nimeyaandika nikiwa nyumbani Ujiji, Kigoma, siku chache kabla ya kurudi shule kuanza kidato cha sita. Shuleni kwetu simu haziruhusiwi, kwa hiyo picha nilizonazo ni za mwalimu wa michezo na za mama mdogo. Mengine yote nimeyatoa kwenye daftari langu, ambalo lina vumbi la Tabora katikati ya kurasa na doa la mawese kwenye ukurasa wa Juni 13. Nasoma EGM (uchumi, jiografia na hesabu), nakimbia mita 1,500, na muda unaobaki nacheza bao.

Juni 1 hadi 8, Ujiji

Wiki ya kwanza ya likizo ilikuwa na mwendo mmoja. Asubuhi twisheni ya hesabu, shilingi 1,000 kwa siku, wanafunzi kumi na wawili tumebanana kwenye mabenchi chini ya mwembe. Tulikuwa kwenye integresheni, na mwalimu hakuruhusu mtu kuondoka kabla swali la mwisho halijakubali. Saa 10 alasiri mazoezi, kutoka Ujiji kuelekea Mwanga na kurudi, nikipishana na baiskeli zenye madumu ya mawese. Jioni, barazani kwa babu.

Babu ana ubao wa mninga ambao mashimo yake yameng'aa kwa vidole vya watu wa miaka mingi. Tunacheza bao la Kiswahili: mashimo 32 katika safu nne, kete 64, kila mmoja 32. Ubaoni unaanza na kete 10 tu, yaani 6 kwenye nyumba, lile shimo la mraba, na mbili mbili kwenye mashimo mawili yanayofuata. Zile 22 zinabaki mkononi na unaziingiza moja moja. Hiyo ndiyo namua. Mkono ukiisha ndipo mnaingia mtaji, mnacheza kwa kete zilizoko ubaoni tu.

Mimi mtaji nilikuwa siufikii. Babu alikuwa ananifunga mkononi, kete zangu tano sita bado ziko kiganjani, na kufungwa mkononi kunauma kuliko kufungwa kwingine kote. Tatizo lilikuwa nyumba. Unapokula, kete ya mwisho ikiangukia kwenye nyumba yako unaweza kuwa na hiari: ulale hapo, au uisafirishe, uzichukue kete zake zote uzizungushe ubaoni. Mimi kila nikipewa hiari nilisafirisha. Kete nane, kumi, zikizunguka mkono kwa mkono zinapendeza machoni. Lakini zikishatawanyika, huna tena pa kurudi.

Babu hakunikosoa. Alikuwa anasema tu, "Cheza, mjukuu wangu, utaona mwenyewe."

Jioni ya tarehe 8, nilipomuaga kwenda kambini, alimimina komwe kutoka kwenye kopo lake la maziwa, akazihesabu mbili mbili hadi 64, akazitia kwenye kimfuko cha kanga alichokishona bibi. Komwe ni mbegu za kijivu, ngumu kama kokoto, laini kama zimepakwa mafuta. Zikigongana mfukoni zina mlio wake. "Ubao uache, ni mzito," akasema. "Ardhi ya kuchimba mashimo iko kila mahali."

Juni 9 hadi 12, kambi ya mkoa

Kambini ilikuwa kukimbia asubuhi, kukimbia jioni, ugali na maharage katikati. Nililala kwenye godoro nililolibeba kutoka nyumbani.

Juni 13, Kigoma hadi Tabora kwa basi

Tuliondoka saa 11 alfajiri: wachezaji, walimu, magodoro juu ya basi, mipira ndani ya neti. Mama alinifungia mgebuka wa kukaanga na ugali wa muhogo, na dalili za mgebuka huyo ziko kwenye daftari hadi leo. Tukapita Kidahwe, tukapita Uvinza, tukavuka mto Malagarasi kwenye Daraja la Kikwete. Mwalimu wa jiografia alitusimamisha dirishani tuyaone mabwawa na mafunjo ya upande ule, maji yametanda hadi macho yanapoishia. Darasani nilikuwa nimeyachora mara nyingi kwa kalamu ya bluu. Sikujua kwamba yana harufu, na kwamba ndege wake wanaruka wote kwa pamoja basi likipita.

Kabla hatujafika Kaliua mkanda wa feni ukakatika. Dereva alizima injini papo hapo kwa sababu mshale wa joto ulikuwa umepanda. Hakuwa na mkanda wa akiba. Ilibidi utingo apande bodaboda hadi Kaliua kutafuta mwingine, na tukakaa pale kwa muda wa saa tano.

Jua lilikuwa kali na maji yetu yakaisha haraka. Kulikuwa na nyumba tatu karibu na barabara. Mama mmoja alitoka, akatutazama, akarudi ndani bila neno. Baada ya muda akaja na binti zake wawili, ndoo mbili za maji ya kunywa na sufuria kubwa ya viazi vitamu vilivyochemshwa na maganda yake. Tulikuwa zaidi ya thelathini. Mwalimu alipotoa pesa, yule mama aliusukuma mkono wake taratibu. "Hawa ni watoto, mwalimu. Wangu nao wako shule huko, sijui nani anawapa maji." Karanga tu ndizo alizokubali kutuuzia, bakuli shilingi 500, na alijaza hadi zikamwagika.

Mimi nilichukua kijiti nikachimba mashimo 32 kivulini. Lile la nyumba nililichorea mraba kwa kidole. Watoto wa pale wakaja wakachuchumaa, na wa kwanza kuelewa namua alikuwa msichana wa miaka kama minane. Alikuwa anahesabu kwa macho, midomo imefungwa, kisha anatia kete yake bila kusita. Tulicheza mara tatu.

Mkanda ulipofungwa dereva akapiga honi, nikazoa kete haraka. Kwa mazoea nikahesabu: 63. Nilifukua mashimo yote kwa vidole, watoto wakapekua nyasi, basi linanguruma. Haikuonekana. Yule msichana akakimbilia ndani akarudi na mbegu moja ya ukwaju, ya kahawia, inang'aa, akaniwekea kiganjani. "Hii itatosha," akasema. Nikaitia kwenye mfuko.

Tulifika Tabora saa 4 usiku.

Kwa atakayepita njia hii kwa gari la kukodi na watoto: muulizeni dereva kabla ya kuondoka kama ana mkanda wa feni wa akiba, na bebeni maji mara mbili ya mnayodhani yatatosha. Kati ya Uvinza na Kaliua maduka yameachana sana.

Juni 14 hadi 16, Tabora

Baridi ya Tabora mwezi Juni inamshangaza mtu wa ziwani. Ziwa Tanganyika liko mita kama 770 kutoka usawa wa bahari, Tabora iko kwenye mita 1,200 hivi, na usiku upepo unapita kwenye nyufa za madirisha ya madarasa. Niliazima sweta. Mazoezi ya kwanza kifua kilibana mapema kuliko kawaida. Siku ya tatu kikazoea.

Mashindano ya UMISSETA watu wengi wanayajua kwa mpira wa miguu, netiboli na mbio. Kwangu mimi saa zilizonipa faida kubwa zilikuwa za usiku, kuanzia saa 2 hadi taa zilipozimwa. Chumba chetu kilikuwa jirani na cha wasichana wa Tanga, na wawili kati yao walikuwa EGM kama mimi. Walikuwa na mitihani ya miaka iliyopita iliyosahihishwa na mwalimu wao, karatasi zimelainika kwa kupita mikononi. Swali la integresheni lililonisumbua Ujiji wiki nzima, mmoja wao alilitatua kwa mistari sita, akanieleza kwa nini ameanza na kipande kile na si kingine, kisha akafuta yote akaniambia nilifanye mwenyewe. Nilikosea. Akafuta tena. Mara ya tatu likakubali, ikiwa saa 4 usiku, nimekaa juu ya godoro na ubao wa kuandikia ni mfuniko wa sanduku lake la bati.

Mimi nikawapa kanuni za bao. Tulichimba mashimo nyuma ya darasa, kwenye udongo mwekundu wa mchanga ambao kingo zake zinabomoka ukigusa vibaya. Tulimwagia maji kidogo ndipo yakasimama.

Juni 17, mchujo wa mita 1,500

Usiku wa kuamkia siku hiyo mwalimu wetu wa riadha alituhadithia habari za Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya umbali huuhuu kule Christchurch, New Zealand, Februari 2, 1974, dakika 3 na sekunde 32.2. Aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho. Mtanzania! Nililala nikiwa nimeshaamua: nitaongoza tangu mwanzo.

Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, saa 3 asubuhi, mistari ya chokaa bado mibichi. Duru tatu na robo tatu. Filimbi ilipolia nikatoka mbele, na duru mbili za kwanza nilikuwa nasikia pumzi za wenzangu nyuma yangu tu. Duru ya tatu mapaja yakajaa maji. Wakanipita mmoja, wawili, watatu. Mita 200 za mwisho sikumbuki mengi zaidi ya sauti ya mwalimu ikiniita kwa jina kutoka kwenye uzio. Nilimaliza wa nne, dakika 5 na sekunde 9, na wa nne ndiye wa mwisho kuingia fainali.

Mwalimu hakunilaumu. Alinipa maji, akaninyoosha miguu, akasema, "Bayi alijua mwili wake una nini ndani. Wewe hukuhesabu."

Juni 19, fainali

Fainali nilikaa nyuma ya kundi, wa tisa, wa nane, nikihesabu pumzi. Duru ya mwisho nikaanza kupandisha. Msichana wa Manyara aliyeshinda alikuwa mbali kabisa, anakimbia kama hagusi chini, na ilikuwa raha kumtazama hata kwa mgongo wake. Mimi nilikuwa wa sita, dakika 5 na sekunde 3. Ndio muda wangu bora tangu nianze kukimbia, pungufu ya ule wa zamani kwa sekunde 5. Sikupata medali. Nilirudi kambini nikaandika 5:03 kwenye daftari kwa herufi kubwa, nikachora duara.

Juni 21 hadi 25, Ng'ambo

Wenzangu walirudi Kigoma kwa basi. Mimi nilibaki kwa mama mdogo, mtaa wa Ng'ambo, kwa barua ya mama iliyomfikia mwalimu kabla hatujaondoka. Hili nalisisitiza kwa wanafunzi wenzangu: ukitaka kubaki na ndugu baada ya mashindano, barua ya mzazi iwe mkononi mwa mwalimu mapema, na ndugu mwenyewe aje kukupokea kwa mkono. Mwalimu amekabidhiwa watoto wa watu, hawezi kukuacha kwa simu.

Nyumba ya tatu kutoka kwa mama mdogo kuna mwembe, chini yake fundi cherehani mmoja mzee, na pembeni ya cherehani ubao wa bao. Jirani mmoja aliniamkia "Mwangaluka" nami nikaitika vilevile kama mama mdogo alivyonifundisha, na wazee wakacheka kwa furaha. Nikasimama kutazama. Nilitazama asubuhi nzima. Adhuhuri yule fundi akainua macho kwenye suruali aliyokuwa anaikunja upindo.

"Binti, unaangalia tu, au unajua?"

"Shikamoo babu. Najua kidogo. Nimefundishwa na babu yangu, Ujiji."

"Marahaba. Ujiji?" Akawageukia wenzake. "Ondokeni hapo, mtu wa Ujiji akae."

Alinifunga mkononi, mara mbili mfululizo. Mara ya tatu, kete yangu ya mwisho ilipoangukia kwenye nyumba na mkono wangu ukaanza kuikomba, aliweka kidole chake chenye kastabini juu ya shimo.

"Ngoja. Humo mna ngapi?"

"Tisa."

"Ukizisafirisha, ya mwisho inaangukia wapi?"

Nilihesabu kwa macho. Ilikuwa inaangukia kwenye shimo tupu, safu ya nyuma. Tisa zote zingekuwa zimetapakaa, na yeye upande wake angebaki na kichwa, lile shimo la mwisho la safu ya ndani, kimejaa.

"Lala," akasema.

Nikalala. Akacheza. Nikala mbili, nyumba yangu ikawa kumi na moja. Nikapewa tena hiari, nikamtazama, akatikisa kichwa. Nikalala tena. Ilikuwa kazi ngumu kuliko mita 1,500, kuutoa mkono pale na kuuacha mtupu. Nikakumbuka zile duru mbili za mchujo, nilivyozimwaga pumzi zangu zote mbele ya watu. Siku hiyo niliingia mtaji kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikiwa na nyumba nzima. Alinifunga kwenye mtaji, lakini jasho lilimtoka, na suruali ya mteja ikalala bila upindo hadi jioni.

Nilirudi kila siku. Alinifundisha kuangalia kichwa na kimbi, yale mashimo ya pembeni ya safu ya ndani, kabla ya kuangalia nyumba, na kuhesabu upande wake kabla ya upande wangu. Hakuna hata siku moja aliyoniuliza kwa nini msichana anacheza bao. Alinunua chai, shilingi 300 kikombe, akakataa nilipie.

Tarehe 24 mama mdogo alinipeleka Kwihara, nje kidogo ya mji, bodaboda shilingi 3,000 kwenda. Pale kuna tembe alilokaa Livingstone, nyumba ya udongo yenye kuta nene na mlango wa kuchongwa wa kipwani. Nilionyesha kitambulisho cha shule nikalipa kiingilio cha mwanafunzi, msikisahau. Nilichokuwa sikijua ni kwamba yeye na Stanley walifika hapo wakitokea kwetu. Waliondoka Ujiji mwishoni mwa Desemba 1871, wakafika Februari 1872. Stanley akaendelea kwenda pwani mwezi Machi, Livingstone akangoja hadi Agosti. Nilikaa kwenye kizingiti cha ule mlango muda mrefu nikiwafikiria hasa wapagazi, waliotembea njia hiyohiyo na mizigo kichwani, na wale waliopitishwa humo kwa minyororo kupelekwa pwani. Majina ya wazungu wawili yameandikwa. Miembe ya barabarani, ile ya njia ya misafara, imesimama tu kimya. Bao nalo nadhani lilisafiri njia hii, kutoka kwa watu wa pwani hadi barazani kwa babu.

Juni 26 na 27, Tabora hadi Kigoma kwa treni

Mama mdogo alikuwa na safari ya Kigoma, tukapanda treni pamoja. Treni ya Kigoma haipiti kila siku, kwa hiyo ulizeni siku stesheni kabla ya kupanga lolote, kateni tiketi mapema, na kila mtu awe na kitambulisho. Bebeni shuka. Daraja la tatu madirisha hayafungi vizuri na usiku ni mrefu.

Kabla ya kuondoka tulinunua asali, nusu lita shilingi 6,000, na mfuko wa matobolwa, vile viazi vilivyochemshwa vikakaushwa. Unavitafuna polepole na utamu unakuja mwishoni. Urambo watu waliuza mahindi ya kuchoma madirishani gizani, taa za simu mdomoni. Kaliua, reli inapoachana na ile ya Mpanda, treni ilisimama kitambo. Nilikuwa upande wa dirisha. Ule mji ulikotoka mkanda wetu wa feni ulikuwa umelala.

Alfajiri Uvinza, chumvi. Akina mama na vifuko vyake vimepangwa kwenye ungo, vyeupe pe, kifuko shilingi 500. Nikamnunulia bibi viwili. Baba mmoja tuliyekaa naye benchi moja, ambaye usiku kucha hakusema zaidi ya salamu, alinishikia asali yangu tangu Urambo ili isimwagike nikiwa nimesinzia. Nilipoamka chupa ilikuwa bado imesimama katikati ya magoti yake.

Reli hii ilifika Kigoma mwaka 1914, enzi za Wajerumani. Livingstone na Stanley walisafiri karibu miezi miwili. Sisi tulilala mara moja tukaliona ziwa.

Juni 28, Ujiji

Kutoka mfukoni mwangu, mwezi mzima, bila twisheni, nilitumia shilingi 31,500: vitafunwa, bodaboda, kiingilio, asali, matobolwa na chumvi. Nauli ya treni alinilipia mama mdogo.

Baada ya alasiri nikaenda barazani. Babu alizipokea komwe, akazimimina kwenye mkeka, akazihesabu mbili mbili. Alipofika kwenye ile ya kahawia akaishika juu, akaigeuzageuza kwenye mwanga.

"Hii si yangu."

Nikamweleza habari ya basi, viazi, na yule msichana. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaitia pamoja na zingine na kuanza kupanga ubao.

Namua ilikuwa ndefu. Mara ya kwanza kete yangu ya mwisho ilipofika kwenye nyumba, nilihesabu ngapi zimo, nikahesabu upande wake, nikautoa mkono nikauweka gotini. Babu alisubiri. Mimi nami nikasubiri.

"Umelala?"

"Nimelala, babu."

Akaniangalia, kisha akaangalia nyumba yangu, ile mbegu ya ukwaju iko juu kabisa ya rundo. "Nani kakufundisha?"

"Fundi cherehani mmoja, Tabora."

Akasogeza kofia nyuma, akainamia ubao kwa namna ambayo huwa anainama akicheza na wazee wenzake, na akakaa kimya muda mrefu kabla ya kutia kete yake.